Chai Baridi ya Mitishamba: Somo la Sayansi Lililoachwa Jikoni

Katika majira ya kaskazi, joto la mchana linapowachosha watu wa Tanga, Dar es Salaam na Unguja, ziko nyumba nyingi ambamo mgeni hapewi soda ya dukani bali hupewa gilasi ya choya iliyopoa, nyekundu kama damu ya mzee, yenye uchachu wa kuamsha ulimi na harufu ya mchaichai juu yake. Mtoto wa nyumba hiyo akikimwaga kinywaji hicho juu ya shati lake jeupe la shule, doa huwa jekundu. Mama akilipaka sabuni ya kufulia, doa hubadilika papo hapo likaelekea kwenye rangi ya samawati. Kesho yake mtoto huyo huketi darasani, akakariri kwamba karatasi nyekundu ya litmasi hugeuka kuwa ya buluu ikitiwa ndani ya alkali. Hakuna aliyemwambia kwamba jambo hilo amekwisha kuliona kwa macho yake mwenyewe, juu ya shati lake mwenyewe.

Hoja ya makala haya ni kwamba birika moja la chai baridi ya mitishamba lina ndani yake sehemu kubwa ya sayansi inayofundishwa katika vidato vya kwanza vya sekondari: asidi na alkali, kunereka, joto na barafu, vijidudu na usafi, vipimo na ushahidi. Shule inayoliacha somo hilo jikoni hupoteza mara mbili. Hupoteza njia rahisi ya kufundisha, na huwaacha vijana wakinywa na kunywesha watu kinywaji ambacho, kikitengenezwa pasipo maarifa, chaweza kuleta maradhi badala ya burudani.

Mimea yenyewe

Kwa asili neno chai huhusu majani ya mmea ambao wataalamu huuita Camellia sinensis, ule unaolimwa Mufindi, Rungwe, Lushoto na Kericho. Mchaichai na choya si ndugu zake. Mchaichai, yaani Cymbopogon citratus, ni wa jamaa ya nyasi, pamoja na mahindi, mtama na muwa. Choya, yaani Hibiscus sabdariffa, ambayo wengine huiita rozela, ni ya jamaa moja na pamba na bamia. Katika mimea yote miwili hamna kafeini, na kwa sababu hiyo kinywaji chake hakimkoseshi mtu usingizi kama chai ya majani makavu.

Sehemu ya choya inayotumika si ua lenyewe. Ua huchanua na kunyauka upesi. Kinachochumwa ni vile vikombe vyekundu vyenye nyama vinavyobaki vikilizunguka tunda changa. Mwanafunzi aliyefundishwa sehemu za ua kwa mchoro wa ubaoni angefaidika sana kupasua kikombe kimoja cha choya, akaiona mbegu, akakiona kifuko chake, na akaelewa kwa nini sehemu hiyo ya nje hubaki wakati petali zimekwisha kuanguka. Aidha angejifunza kwamba mmea huu wenye asili ya Afrika umetembea duniani kuliko watu wengi: Sudan na Misri wanakiita kinywaji chake karkadeh, Senegal wanakiita bissap, Jamaica wanakiita sorrel, na Mexico wamekipa jina la kisiwa hicho cha Jamaica.

Hapo pana onyo la kwanza. Si kila jani lenye harufu nzuri linafaa kunywewa, wala si kila ua jekundu ni choya. Atakayetia birikani mmea asioufahamu kwa jina na kwa sura hafanyi sayansi, bali anabahatisha. Kuutambua mmea kwa hakika ndiyo hatua ya kwanza ya somo, na ndiyo kazi ya elimu ya mimea.

Maji kwanza, majani baadaye

Watu wengi huzungumza juu ya majani wakasahau kwamba karibu gilasi yote ni maji. Maji ya kisima, ya bomba au ya mto hayana budi kuchemshwa mpaka yatokote kwa nguvu walau kwa dakika 1. Katika miinuko inayozidi mita 2,000 juu ya usawa wa bahari inashauriwa dakika 3, kwa kuwa huko maji hutokota kabla ya kufika nyuzi 100 za sentigredi. Katika mji wa Mbeya, ulioko kiasi cha mita 1,700, maji hutokota kwenye nyuzi 94 hivi. Mwalimu aliye na themometa moja tu anaweza kulionyesha jambo hilo kwa sufuria na jiko la mkaa, na swali la kwa nini maharage hukawia kuiva katika nyanda za juu likapata jibu siku hiyo hiyo.

Baadhi ya watu huloweka majani katika maji yasiyochemshwa na kukianika chombo juani kutwa nzima, wakidhani kwamba jua litafanya kazi ya moto. Huo ni udhanifu wa hatari. Maji ya chombo kilichoanikwa juani huwa ya uvuguvugu. Joto la namna hiyo haliwezi kuwaua bakteria kwa uhakika, na kwa saa nyingi laweza kuwa ndilo joto linalowafaa kuzaliana. Majani yenyewe nayo yametoka shambani yakiwa na vumbi na vijidudu vyake. Kwa hiyo yaoshwe, kisha yamiminiwe maji yaliyotoka kutokota wakati huo huo.

Kwa nini birika hufunikwa

Mama mwenye uzoefu akishatia mchaichai hulifunika birika, na akiulizwa sababu hujibu kwamba harufu isipotee. Jibu lake ni sahihi, na kemia huliongezea maelezo tu. Harufu ya mchaichai hutokana hasa na kemikali iitwayo sitrali, ambayo aghalabu huwa kiasi cha asilimia 65 hadi 85 ya mafuta ya mmea huo, na ambayo pia ndiyo inayolipa ganda la limau harufu yake. Mafuta hayo hupanda pamoja na mvuke. Birika likiachwa wazi juu ya moto kwa muda mrefu, nyumba nzima hunukia na kinywaji hubaki butu.

Kifuniko kikiinuliwa, matone huonekana chini yake. Matone hayo ni mvuke uliopoa ukarudi kuwa maji, yakiwa yamebeba mafuta kidogo ya mchaichai. Huko ndiko kunereka. Viwanda vinavyotengeneza mafuta ya mchaichai hutumia kanuni hiyo hiyo: mvuke hupitishwa katika majani, hupozwa, kisha mafuta yanayoelea huenguliwa. Mwanafunzi aliyekwisha kuonja tone la chini ya kifuniko hahitaji kukariri maana ya kunereka.

Ni vyema kutazama hapa jambo la lugha. Lugha ya kufundishia katika sekondari za Tanzania ni Kiingereza, na wanafunzi wengi hulipokea neno la kisayansi kama sauti ngeni isiyo na mwili. Kumbe Kiswahili cha jikoni kimekwisha kuwa na maneno ya maabara: kuloweka, kuchuja, kuzimua, kukoleza, kunereka, kuyeyusha, kugandisha. Mwalimu akianzia kwenye maneno hayo, kisha akalipeleka darasa kwenye istilahi za mtihani, hatakuwa ameidharau istilahi hata moja. Atakuwa ameipa mahali pa kukaa akilini.

Rangi inayosema

Wekundu wa choya hutokana na rangi za asili ziitwazo anthosiyanini. Molekuli zake hubadili umbo, na kwa hiyo rangi, kwa kadiri ya asidi iliyopo. Choya yenyewe ni chachu. Kipimo chake cha pH huwa kati ya 2 na 3, na ndiyo sababu rangi yake hukolea hivyo.

Jaribio lake ni jepesi. Choya iliyokolea izimuliwe kwanza, kijiko kimoja katika nusu gilasi ya maji, kwa maana isipozimuliwa asidi yake itashinda kila kitu kitakachotiwa. Kisha zichukuliwe gilasi tano za mchanganyiko huo. Ya kwanza itiwe maji ya ndimu, ya pili siki, ya tatu maji ya mvua, ya nne maji ya sabuni, na ya tano maji ya majivu ya jiko yaliyochujwa. Zile mbili za mwanzo zitabaki nyekundu. Zile mbili za mwisho zitaacha wekundu na kuelekea kwenye zambarau, samawati au kijani kwa kadiri ya nguvu ya alkali. Ile ya maji ya mvua huwekwa kama shahidi, ili mbili za kushoto na mbili za kulia zilinganishwe nayo. Gilasi hizi hazinywewi.

Jaribio hili lina ukoo mtukufu. Mwaka 1664 Robert Boyle wa Uingereza alichapisha kitabu juu ya rangi, akaeleza jinsi sharubati ya maua ya urujuani inavyogeuka kuwa nyekundu ikikutana na asidi na kijani ikikutana na alkali. Litmasi yenyewe, ambayo shule hununua katika vijitabu vya karatasi, hutokana na likeni, viumbe vinavyoota juu ya miamba na magome ya miti. Katika karne ya 19 likeni za rangi za jamii ya Roccella, ambazo ndizo hutoa litmasi, zilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizosafirishwa kutoka pwani ya Afrika Mashariki kupitia Unguja kwenda Ulaya. Mali ilitoka hapa, ikarudi ikiwa karatasi, na leo mwalimu husema hawezi kufundisha kwa sababu karatasi zimekwisha.

Uchachu huo wa choya una fundisho jingine. Asidi huila alumini polepole, na sufuria nyingi za majumbani ni za alumini. Kwa hiyo choya isipikwe wala kulazwa humo. Yafaa birika la enameli, sufuria ya chuma kisichoshika kutu, chungu, au jagi la kioo linalostahimili joto. Maji yanaweza kuchemshwa katika sufuria ya alumini, kisha yakamiminwa juu ya choya katika chombo kingine.

Barafu na hesabu yake

Makosa mengi hutendeka katika kupoza. Mtu mwenye haraka humimina chai ya moto juu ya barafu, kisha hulalamika kwamba kinywaji kimekuwa maji matupu. Hesabu ya kidato cha tatu yatosha kueleza kilichompata.

Gramu 1 ya maji ikipoa kwa nyuzi 1 hutoa juli 4.18 za joto. Gramu 1 ya barafu, ili iyeyuke bila kubadili halijoto yake, humeza juli 334. Hili ndilo joto fiche. Sasa ichukuliwe chai yenye nyuzi 90, nayo itakiwe ishuke hadi nyuzi 5. Kila gramu itatoa juli 4.18 mara 85, yaani juli 355. Na kila gramu ya barafu, ili iyeyuke na maji yake yapande mpaka nyuzi 5, itameza juli 334 na nyingine 21, yaani juli 355. Namba zimekutana: chai ya moto huhitaji barafu yenye uzito sawasawa na wake, na kinywaji huzimuliwa nusu kwa nusu. Lakini chai hiyo ikiachwa kwanza ipoe hadi nyuzi 30, kila gramu itakuwa na juli 105 tu za kutoa, na barafu itakayohitajika ni chini ya theluthi moja ya uzito wa chai. Kukiweka chombo chenye chai, kikiwa kimefunikwa, ndani ya beseni la maji na kuyabadili maji hayo mara mbili, kunaokoa barafu, umeme na ladha.

Jambo zito zaidi ni usafi wa barafu yenyewe. Iko dhana kwamba baridi kali huua vijidudu. La; kuganda huwadhoofisha baadhi, lakini wengi hubaki hai wakingoja barafu iyeyuke. Maji yaliyochemshwa kwa uangalifu yakitiwa barafu ya maji machafu huwa yamerudi pale pale yalipoanzia, na kipindupindu hakiulizi kama mnywaji alichemsha chai yake. Uchachu wa choya nao usitegemewe kuwa kinga. Barafu ya kutia kinywani sharti itokane na maji yaliyochemshwa, na ile inayouzwa kwa ajili ya kuhifadhi samaki isikaribie birika. Kama hakuna barafu ya kuaminika, heri kinywaji kiwe na ubaridi wa mtungi.

Na mtungi si kitu cha kudharauliwa. Maji yanayopenya katika vinyweleo vya udongo hufika nje na kugeuka mvuke, na kila gramu inayoondoka hivyo huchukua kiasi cha juli 2,430, yaani zaidi ya mara saba ya joto linalomezwa na gramu ya barafu inapoyeyuka. Lakini mtungi hutegemea ukavu wa hewa. Hewa ikiwa na nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 40, mtungi waweza kuelekea nyuzi 20. Unyevu ukiwa asilimia 80, hauwezi kushuka chini ya nyuzi 27 hivi. Kwa hiyo wakati wa kiangazi mtungi wa Dodoma hupoza vizuri kuliko mtungi wa Tanga, ingawa mfinyanzi awe mmoja. Shule mbili, moja ya bara na moja ya pwani, zikipima mitungi yao kwa wiki moja na kuandikiana matokeo, zitakuwa zimefanya utafiti wa kweli kwa gharama ya themometa mbili na stempu.

Utamu na uvumi

Ulimi uliopozwa hauonji sukari vizuri. Kinywaji kilichoonekana kitamu kikiwa moto huonekana kimepungua utamu kikiwa baridi, na mkono wa mtengenezaji huenda tena kwenye kopo la sukari. Kipimo cha kalamu na karatasi ni bora kuliko ulimi. Chupa ya soda ya mililita 300 huwa na kiasi cha gramu 30 za sukari au zaidi. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu itokanayo na chakula cha siku, na kwamba ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni gramu 25 hivi. Chai baridi ya nyumbani ina faida hii kubwa: mwenye nyumba ndiye anayeshika kijiko. Lakini akiijaza sukari kama soda, faida hiyo imekwisha.

Upande wa pili kuna uvumi wa tiba. Sokoni husemwa kwamba choya huongeza damu, huyeyusha mafuta, husafisha figo, na mengine mengi. Sayansi haiwacheki wanaosema hivyo, bali huwauliza wamepima nini. Kuhusu shinikizo la damu, kipimo kipo. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, walitangaza matokeo ya jaribio la watu 65 ambao shinikizo lao la damu lilikuwa limepanda kidogo. Wengine walikunywa chai ya choya vikombe 3 kwa siku kwa muda wa wiki 6; wengine walipewa kinywaji kilichofanana nayo kisicho na choya. Namba ya juu ya shinikizo ilishuka kwa wastani wa milimita 7.2 za zebaki kwa wanywaji wa choya, na milimita 1.3 kwa wale wengine.

Tofauti hiyo ni ya maana, nayo inastahili heshima. Hata hivyo mwanafunzi afundishwe kuisoma yote: watu 65 si taifa, wiki 6 si maisha, na waliopimwa hawakuwa wagonjwa mahututi. Mgonjwa anayeacha vidonge vyake kwa ajili ya birika la choya hafuati utafiti huo. Anafuata uvumi uliovikwa kanzu ya utafiti. Anayetumia dawa za shinikizo, na mama mjamzito, amwulize mganga wa hospitali kabla ya kuifanya choya kuwa kinywaji cha kila siku. Na swali kwamba kwa nini kundi la pili lilipewa kinywaji cha kufanana ni swali ambalo kila mhitimu wa kidato cha nne angepaswa kuweza kulijibu, kwa maana atauziwa dawa nyingi maishani mwake.

Mfano wa Magamba

Watakaosema kwamba jikoni hakutoki sayansi ya maana wakumbushwe habari za Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, Mkoa wa Tanga, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Kwa kuogopa kukosa nafasi katika jokofu alitia maziwa yake yangali moto, naye akaona yameganda kabla ya yale yaliyopozwa kwanza. Alipouliza sababu alichekwa. Hakuacha kuuliza. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyekuwa amekuja kutoa mhadhara. Osborne hakucheka, alirudi chuoni akaagiza jambo lijaribiwe. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala katika jarida la Physics Education, na tangu hapo jambo hilo huitwa duniani kote kwa jina la mwanafunzi huyo.

Wataalamu hawajakubaliana. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden wa Uingereza walipima upya, wakasema hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto hupoa mapema kuliko ya baridi. Hilo halimpunguzii Mpemba heshima. Swali lililowashughulisha wanafizikia kwa zaidi ya nusu karne lilitoka katika bakuli la maziwa, na nusura lizimwe na kicheko. Ni maswali mangapi yamezimwa hivyo bila mwulizaji kuwa na ukaidi wa Mpemba?

Pingamizi na majibu

Yako mapingamizi mawili yanayostahili kujibiwa. La kwanza ni la mwalimu: muhtasari wa masomo ni mrefu, mtihani u karibu, na hakuna muda wa kunywa chai. Jibu ni kwamba hakuna mada mpya inayoongezwa hapa. Asidi, joto fiche, kunereka, uvukizi na usafi wa maji vimo tayari katika muhtasari. Kinachobadilika ni mahali pa kuanzia. Kipindi kimoja cha choya huokoa vipindi viwili vya kurudia kile kilichokaririwa kikasahauliwa.

La pili ni zito zaidi. Tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulipoanza mwaka 2004, shule nyingi za kata zilijengwa, na ujenzi wa madarasa ulitangulia ule wa maabara. Mtu anaweza kuhofu kwamba kusifu birika la choya ni kuwapa wenye dhamana udhuru wa kutojenga maabara. Hofu hiyo ni ya haki. Ni lazima isemwe wazi kwamba choya haipimi ukolezi wa asidi kwa usahihi wa kemia, wala mtungi si badala ya umeme na bomba la maji. Mwanafunzi wa kijijini anastahili maabara kamili kama mwenzake wa mjini. Lakini kungoja maabara si sababu ya kumnyima jaribio la leo, na aliyezoea kupima jikoni ndiye atakayejua cha kufanya siku mlango wa maabara utakapofunguliwa.

Iko kanuni moja isiyopingwa: ndani ya maabara hakunywewi wala hakuliwi kitu, na chombo kilichoguswa na kemikali hakitumiki kwa kinywaji. Somo la choya la kunywa lifanyike jikoni au darasani kwa vyombo safi vya chakula. Somo la kupima rangi lifanyike mbali nalo.

Kipimo cha kuanzia

Kwa lita moja ya kinywaji, yachemshwe maji kiasi cha robo tatu ya lita. Yakishatokota, yamiminwe juu ya gramu 20 za choya kavu, yaani ukufi uliojaa, pamoja na majani manne ya mchaichai yaliyooshwa na kukatwakatwa, na kipande cha tangawizi kilichopondwa chenye ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Chombo kifunikwe kwa dakika 10 hadi 15, kisha vichujwe. Vijiko viwili vya mezani vya sukari vitiwe chai ikiwa bado moto, kwa kuwa huyeyuka upesi zaidi. Chombo kipozwe katika beseni la maji hadi kifikie joto la hewa, ndipo itiwe robo kilo ya barafu ya maji yaliyochemshwa. Kitakachosalia kiwekwe katika jokofu, au kinywewe siku hiyo hiyo.

Kila namba katika aya hiyo ni swali. Gramu 20 au 30? Dakika 10 au 40? Kifuniko au bila kifuniko? Darasa liligawanywe makundi, kila kundi libadili jambo moja tu na kuyaacha mengine yalivyo, kisha matokeo yaandikwe katika daftari pamoja na tarehe na halijoto. Kubadili jambo moja tu kwa wakati ni nusu ya elimu yote ya utafiti.

Choya huota kwa mbegu na huvunwa ndani ya miezi michache. Mchaichai huota kwa shina lililopandwa tena na huvumilia ua wa shule usiopaliliwa vizuri. Shule itakayopanda mistari miwili ya kila mmoja msimu huu wa mvua, ikanunua themometa mbili, na ikafungua daftari moja la vipimo, itakuwa na somo la kutosha mwaka mzima. Na mtoto aliyerudi nyumbani na doa la samawati juu ya shati atakuwa na jambo la kumweleza mama yake wakati wa kufua.